Supu Haikuwa na Mafuta Taa

Nasema tena, na safari hii naandika ili asiwepo wa kunikatiza: hakukuwa na mafuta taa ndani ya ile githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Mwezi uliopita tulikutana wanawake kumi na saba katika hoteli moja mjini Nyeri, sote tuliosoma pamoja katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kiganjo. Jina la shule nalihifadhi, kwa kuwa waliopo pale leo hawana kosa. Tulikuwa tumeketi bustanini, mukimo wa viazi na mbuzi wa kuchoma vimekwisha, na miwani ya kusomea ikipita kutoka pua hadi pua ili tujitambue kwenye picha za zamani. Wamuyu, ambaye siku hizi ana duka la mbegu na mbolea Naro Moru na sauti yake haijapungua hata nusu, akasimama na glasi ya juisi. "Wasichana," akasema, ingawa miongoni mwetu yumo nyanya wa wajukuu wanne, "tumkumbuke Mutua mpishi na mafuta taa yake. Nimesikia alituacha mwaka jana, huko kwao Kitui. Mungu amlaze pema, lakini huyo mzee alituua na kiungulia!" Wakacheka hadi vijiko vikalia mezani. Mimi nilikuwa nimeshika mfupa. Nikauweka chini, nikasema, "Hakukuwa na mafuta taa." Wamuyu akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyelia kanisani. "Ai, Nyawira, bado uko na hiyo maneno? Si ilikuwa tu utoto?" Nikamwambia utoto ulikuwa wetu, lakini kazi iliyotaka kupotea ilikuwa ya mtu mzima. Wakaniambia nikae nile matunda. Sikukaa, na matunda sikuyala.

Aliyewahi kulala shule ya bweni nchini Kenya hahitaji kuelezwa habari hii, lakini wengine nitawaeleza. Kuna imani, imekaa shuleni muda mrefu kuliko madawati, kwamba wapishi hutia mafuta taa kwenye chakula cha wanafunzi. Kwetu sisi ilisemekana ni amri ya walimu, ili tusiwafikirie wavulana. Katika shule za wavulana husemwa ni ili wasitufikirie sisi. Hakuna aliyewahi kuuliza ni mafuta kiasi gani yangetosha sufuria ya kulisha wasichana mia tatu, wala kwa nini, pamoja na dawa hiyo yote, bado tuliwafikiria asubuhi na jioni. Ushahidi wetu ulikuwa kiungulia cha mchana na ule mng'ao ulioelea juu ya supu. Tena tulikuwa na methali, maana mvivu wa kufikiri hakosi methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeichukia methali hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Yako mengi yasemwayo ambayo hayapo, hayako njiani, wala hayatakuja kamwe, na bado yameshamla mtu.

Nilikuwa kidato cha pili. Baridi ya Julai mwaka huo ilishuka kutoka mlimani mapema ikakataa kuondoka, na mvua nyembamba ilinyesha bila kelele siku nzima hadi sweta zetu zikanuka kondoo. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao zilizojaa alama za duara za kuungua, na madirisha yaliyozibwa kwa katoni pale vioo vilipovunjika. Mwalimu wa kemia alikuwa Mwalimu Okello, kijana mrefu kutoka Siaya aliyevaa sweta mbili na bado akatetemeka. Alitufundisha kutenganisha michanganyiko kama mtu anayefundisha adabu. Kabla ya kutenganisha vitu, alisema, jua kwanza vinatofautiana wapi. Chumvi inakubali maji na mchanga unayakataa, kwa hiyo tia maji, koroga, chuja, mchanga ubaki kwenye karatasi. Kisha chemsha maji yaende zake na chumvi ibaki chunguni. Vumbi la chuma na unga wa salfa, lete sumaku. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukutana nacho shuleni. Historia ilitaka nikariri, Biblia ilitaka niamini, lakini mchanga ulibaki kwenye karatasi hata kama mwalimu mkuu mwenyewe angeuamuru upite. Kwa msichana mwenye kichwa kigumu kama changu hiyo ilikuwa habari njema.

Jumatatu moja Mwalimu Okello akaleta faneli ya kutenganishia. Shule nzima ilikuwa na moja tu, chupa ya glasi yenye umbo la pea lililogeuzwa kichwa chini, na koki kwenye mrija wake. Akamimina humo maji na mafuta taa, akatikisa, akaitundika, akatuambia tunyamaze. Tukanyamaza na mafuta yakapanda juu taratibu, mstari ukajichora katikati kama umepigwa kwa rula. Akafungua koki, maji yakatoka, akaifunga mafuta yalipokaribia. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kuosha vyombo siku hiyo. Maji ya bomba yaliuma vidole, kengele ya chakula ikalia, nikaisuuza ile faneli mara moja tu, bila sabuni, nikaifungia kabatini. Nalitaja kosa hilo mapema ili nisidhaniwe nalificha.

Kesho yake alfajiri nilikuwa zamu ya kuleta chai ya meza yetu. Jiko letu lilikuwa banda la matofali lenye sufuria tatu kubwa zilizojengewa, kila moja na tundu lake la kuni kwa chini, na moshi ulijaa humo hadi mtu akaonekana miguu tu. Mzee Mutua alikuwa ameinama kando ya sufuria ya githeri, ana debe dogo mkononi, anamimina. Nililijua debe lile, na harufu yake hata kipofu angeijua. Sikuona anamiminia wapi. Aliponiona akasema, "Habari ya asubuhi, mama," maana sote alituita mama, "ngoja kidogo, chai bado." Nikasubiri, nikachukua chai, nikaenda. Mezani, mkate ukigawanywa, nikasema: "Nimemwona Mutua akimwaga mafuta taa jikoni." Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana sentensi hiyo ilikwenda mbali. Wamuyu akaacha kutafuna. "Kwa githeri?" akauliza. Ningeweza kusema sikuona. Niliinua mabega tu, kwa kuwa meza nzima ilikuwa imenigeukia na nilikuwa sijawahi kusikilizwa hivyo. Msichana mmoja akadakia, "Si ni mtu wa Kitui? Hao wanajua dawa na uganga." Tukacheka. Nami nilicheka, na sina wa kumsingizia kicheko hicho.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imezunguka mabweni yote na kurudi imenenepa. Sasa nilikuwa nimemwona akikoroga, na alikuwa ameniapisha nisimtaje. Mchana githeri ilipokuja hakuna aliyeigusa, na Wamuyu, ambaye hata wakati huo alikuwa mtu wa mikutano, akasema, "Nyawira, wewe ndio unajua sayansi. Tupimie." Nikachota jagi zima la supu, tukaenda maabara kama watu ishirini. Mwalimu Okello alikuwa ameenda kula. Nikaichuja supu kwa kitambaa, nikaimimina ndani ya faneli, tukanyamaza kama tulivyofundishwa. Tabaka likapanda juu. Jembamba, la manjano, linang'aa, na chini yake supu ya kahawia. Nikaondoa kizibo nikanusa, nikapigwa na harufu ya mafuta taa puani. "Ni yenyewe," nikasema. Sikumaliza hata kulivuta lile tabaka kwenye neli mbili za glasi kabla Wamuyu hajanipokonya moja na kukimbia nayo bwaloni, ameinua mkono juu kama aliyeshinda mbio.

Kilichofuata nilikisikia kuliko nilivyokiona, kwa sababu nilibaki mlangoni. Sahani za bati mia tatu zikigongwa mezani kwa pamoja hutoa sauti inayoingia tumboni. Waliimba, wakapindua karai moja, githeri ikatapakaa sakafuni. Mzee Mutua alitoka jikoni ameshika upawa wake, akasimama, akiangalia chakula chini. Alikuwa ameamka saa kumi usiku kukipika. Mwalimu mkuu akaja na mwavuli, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kukimbia, akatazama ile neli mkononi mwa Wamuyu, akatazama lango, maana ng'ambo ya lango ni barabara kuu na wasichana wakitoka barabarani habari hufika wizarani. Hakuuliza lolote. Akatangaza kwamba mpishi amesimamishwa kuanzia saa ile, na kwamba halmashauri ya shule ingekaa Ijumaa kumalizana naye. Tukapiga makofi. Mzee Mutua akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza safi, akaondoka mvuani. Jioni tuliletewa mkate mkavu na chai, na kila mtu alisema ni chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula shuleni. Mimi niliuacha wangu mezani, lakini sikujua bado ni kwa nini.

Nilijua asubuhi ya Jumatano. Nilikuwa nimeacha neli ya pili dirishani maabara, karibu na chupa ya mafuta taa ya somo la Jumatatu. Niliingia kabla ya darasa kuitazama, kwa majivuno, kama mtu anavyokwenda kutazama ng'ombe aliyenunua jana. Lile tabaka la manjano lilikuwa limeganda. Lilikuwa jeupe na gumu, nikaligonga kwa penseli likalia. Nikaishika ile chupa ya mafuta taa, ambayo ililala pale pale kwenye baridi ile ile, nikaiinamisha; yakamiminika kama maji. Kila mtu aliyewahi kuosha sufuria Nyeri mwezi wa Julai anajua kitu kinachoganda hivyo. Ni mafuta ya kupikia, yale yale ya kukaangia vitunguu, na nilikuwa nimeyaosha maisha yangu yote.

Nilimkimbilia Mwalimu Okello kabla hajavua kofia. Alisikiliza, akachukua faneli kabatini, akainusa ikiwa tupu, akanipa nami nikanusa. Ilinuka mafuta taa. "Nani aliosha hii?" akauliza. "Ni mimi, Mwalimu." Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. Akasema, "Nyawira, wewe uliona tabaka. Hukuona mafuta taa. Hayo ni mambo mawili na ukayafanya moja." Nikamwambia basi twende kwa mwalimu mkuu na ile neli iliyoganda. Akatikisa kichwa. Kama mpishi ametia mafuta taa kidogo ndani ya mafuta mengi ya kupikia, akasema, bado yangeganda. "Hii bado haijamtoa kwenye lawama. Unataka kumtoa kweli, ama unataka tu kulala vizuri?" Sikuwahi kuulizwa swali gumu kama hilo, na sijaulizwa tena. Nikasema nataka kumtoa.

Supu ya Jumanne ilikuwa bado kwenye jagi, kwenye baridi ya stoo, haijachacha. Jioni tukafunga mitambo ya kukeneka, yaani kuchemsha kitu kwenye chupa, kuupitisha mvuke wake kwenye mrija unaopozwa kwa maji, na kukinga matone yanayotoka upande wa pili. Mafuta ya kupikia hayapandi na mvuke, alinieleza, yanabaki nyuma. Mafuta taa hupanda nao na kutoka upande wa pili, na hata yakiwa kidogo yataelea juu ya maji na kunuka. Nikajaza chupa supu, nikawasha moto wa gesi, na baada ya dakika tano povu la maharagwe likapanda shingoni mwa chupa, likaingia mrija wote, likadondoka mezani, likazima moto. Mwalimu Okello akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mpishi angekuambia," akasema, "maharagwe hayajazwi mpaka juu." Alhamisi tukaanza upya, supu robo chupa, vipande vya kigae ndani kutuliza mchemko, moto mdogo. Na kabla ya kupima supu yenyewe alinifanya nitie kijiko kimoja cha mafuta taa kwenye supu nyingine kwa makusudi. "Kwanza tujue kama huu mtego unaweza kukamata mwizi akiwepo. Ukiwa haushiki, utatuambia uongo na sisi tutauamini." Mtego ulishika. Matone yalitoka na ukungu, ngozi ya mafuta ikaelea juu, na harufu ikajaa chumba. Nikaosha kila kitu kwa sabuni mara tatu hadi vidole vikapauka. Kisha supu ya Mutua. Tulikaa saa nzima tukihesabu matone. Yakatoka maji maangavu, hayana ngozi juu, yananuka maharagwe yaliyochemshwa, basi. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kelele, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa kuwa nilishika neli na niliogopa kuiangusha.

Mwalimu mkuu alitupokea ofisini jioni hiyo akiwa anakunywa chai. Alizitazama neli zetu mbili za matone bila kuzinusa. "Mwalimu Okello," akasema, "wewe uko kwa majaribio ya kazi hapa, si ndiyo?" Mwalimu akasema ndiyo, Madam. Kisha akanigeukia, kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi. "Nyawira, shule imetulia. Wasichana wanakula. Ukiwaambia leo ati mpishi hana makosa, watasema tumekununua, na kesho wako barabarani. Mpishi tutapata mwingine." Nikasema, "Na huyu, Madam, ataenda kuandikwa wapi akisemekana alitilia watoto sumu?" Akaweka kikombe chini. "Rudi darasani. Na hilo jambo lisitoke kwa huu mlango." Nimefikiria maneno yake kwa miaka mingi, na nimekuwa mwalimu, na najua woga wa mwalimu mbele ya shule iliyochafuka. Naujua vizuri. Bado nasema alikosea, na bado nasema alijua anakosea.

Ijumaa kwenye gwaride la asubuhi, alipouliza kama viranja wana matangazo, mimi nisiye kiranja nikatoka kwenye mstari. Nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Ni mimi nilisema nimeona Mutua na mafuta taa. Sikuona akitia kwa chakula. Nilinyamaza mkaongeza. Supu tumeipima vizuri na haina mafuta taa. Harufu ya Jumanne ilitoka kwa faneli, sikuiosha vizuri. Ni makosa yangu." Nilitegemea kimya. Nilipata mguno, kisha neno likaanza nyuma huko kwa kidato cha nne likaja mbele: msaliti, msaliti. Wamuyu, rafiki yangu tuliyelala kitanda cha juu na cha chini tangu kidato cha kwanza, akasema bila hata kupaza sauti, "Umenunuliwa na nini, Nyawira? Mkate?" Mwalimu mkuu akaniamuru niende bwenini nifunge sanduku. Nilifukuzwa wiki mbili kwa kusema bila ruhusa. Mchana huo, kwenye meza yetu, aliyekuwa akigawa chakula aliruka sahani yangu, akampa aliyeketi kando yangu, na hakuna aliyeinua macho. Nikakaa na sahani tupu hadi wakamaliza, nikaiosha, nikaiweka mahali pake.

Lakini sikufunga sanduku. Halmashauri ilikaa saa nane katika chumba cha walimu, wanaume saba na mwanamke mmoja, makoti yao ya mvua yametundikwa yakidondoka. Mwalimu Okello alibeba trei yenye zile neli mbili hadi mlangoni. "Mimi siwezi kuingia," akaninong'oneza, "hao ndio wameniajiri. Lakini wewe wameshakufukuza." Akabisha yeye mwenyewe, akanipa trei, akasogea kando. Nikaingia. Mwalimu mkuu akainuka nusu. Mwenyekiti, mkulima wa kahawa mwenye vidole vinene na meno matatu, akasema, "Wacha kwanza. Msichana, hiyo ni nini umebeba?" Nikamwambia moja ni ya supu tuliyotia mafuta taa sisi wenyewe, na nyingine ni ya supu aliyopika Mutua, na nikamwomba anuse. Mwalimu mkuu akasema haya ni mambo ya kitaalamu. "Mimi nilifika darasa la nne tu," mwenyekiti akasema, "lakini pua ninayo." Akanusa ya kwanza akakunja uso. "Hii ni ya taa." Akanusa ya pili, akarudia kuinusa, akaipitisha kwa jirani yake, na ikazunguka meza nzima pua kwa pua. "Na hii ni maharagwe. Sasa mpishi ako na makosa ya gani? Ya kupika maharagwe?" Akasema Jumatatu mpishi arudi kazini. Adhabu yangu hakuitengua. Alisema nidhamu ni ya mwalimu mkuu. Nilitoka mle nimeshinda, na nilikuwa na njaa, na nilikuwa na furaha ya mtu anayejiona mwema.

Kwa furaha hiyo nilishuka mjini Jumamosi, sanduku mkononi, na kabla ya kwenda nyumbani nikapita mtaa wa Majengo kumtafuta Mzee Mutua nimpe habari mwenyewe. Nilimwuliza muuza makaa karibu na msikiti, akanionyesha. Chumba kilikuwa kimoja, cha mabati, mlango wazi kwa sababu hakikuwa na dirisha. Kitanda, jiko, kamba ya nguo, na picha ya watoto watatu kwenye fremu ya katoni. Alikuwa akikunja mashati kuyatia kwenye begi, tayari kwa safari ya Kitui. "Karibu, mama," akasema. "Kaa kwa kitanda, kiti iko na nguo." Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba ni mimi nilianza. "Najua," akasema. "Jikoni tunasikia yote." Kisha nikamweleza, na nilieleza kwa fahari, Mungu anisamehe: faneli, neli iliyoganda, povu la maharagwe, mtego tulioujaribu kwanza, saa nzima ya matone, pua za halmashauri. Nikamwambia Jumatatu arudi kazini, jina lake limetoka safi.

Alisikiliza hadi mwisho huku akikunja shati moja polepole, mikono nyuma, kola juu. "Nitarudi," akasema, akiielekezea ile picha kidevu, "juu ya hawa watoto, wanataka kula. Sirudi juu ya hiyo chupa." Akaliweka shati kitandani, kando yangu. "Ulifanya kazi siku ngapi, hiyo ya kupima?" Nikasema siku mbili, na nyingine ya kufikiri. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Siku tatu mmekaa mkiuliza supu. Mwalimu ameuliza supu, wewe umeuliza supu, wazee wa bodi wamenusa supu. Mimi nimekaa hapa, mlango wazi. Hakuna mtu alikuja kuniuliza mimi."

Nimefundisha kemia tangu nilipomaliza chuo, nimewafundisha mamia ya watoto kuchuja, kukeneka na kutumia sumaku, na kila mwaka nikifika kwenye faneli ile najiona nimekaa kwenye kitanda kile, sanduku kati ya miguu, uso umewaka. Niliona aibu kubwa kuliko ya gwaride, kubwa kuliko ya sahani tupu, kwa sababu hii hakuna aliyenipigia kelele. Kisha nikafanya kitu pekee kilichobaki kufanywa, kikiwa kimechelewa siku nne.

"Mzee," nikasema, "yale mafuta taa yalikuwa ya nini?"

Akalichukua lile shati, akalitia kwenye begi.

"Kuni ilikuwa imenyeshewa," akasema. "Ilikataa kushika moto."